Bingwa Aliyenunua Karasha

Ukimuuliza mtu wa Masumbwe au wa Kahama habari za Bingwa, jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba alipenda pesa. Ni kweli, alizipenda. Naanza na hilo ili mtu asidhani nimekaa hapa kumsifu. Alilisema mwenyewe mbele ya wagonjwa, huku akinawa mikono kwa muda mrefu kama mtu anayeosha mchele:

"Mimi si mtawa. Nimesoma mpaka nywele zikanikimbia. Nataka nilipwe."

Muuguzi wake, mama mmoja mnene asiyeogopa mtu, alikuwa akimjibu, "Zilikukimbia kwa ukali wako, si kwa kusoma." Bingwa alicheka, maana kichwa chake kilikuwa kitupu kweli, kinang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli.

Alikuwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo kwenye hospitali moja ya mtu binafsi pale Kahama. Jina lake lilikuwa mlangoni kwa herufi nyeupe, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alizaliwa wapi na ni kabila gani, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Ninachojua ni kwamba sisi wa huku, ukiwa na sikio linalotoa usaha au mwiba wa samaki kooni, ilikuwa ni yeye au ni safari ya Mwanza.

Mimi nilimjua kwa ajili ya sikio. Tangu nikiwa mdogo sikio langu la kushoto lilikuwa linavuja, na linanuka. Darasani hakuna aliyetaka kukaa upande wangu wa kushoto, na mwalimu akiongea kutoka upande huo nilikuwa naona mdomo unacheza tu. Nikajifunza kunyamaza, kwa sababu asiyesikia vizuri akisema, sauti yake hutoka kubwa mno au ndogo mno, na watu hucheka. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Hilo lilimuuma mama kuliko mimi, maana mama yangu ni mwalimu.

Mama alifundisha darasa la kwanza hapa Masumbwe. Vijana wengi wanaobeba viroba vya mawe ya dhahabu hapa mjini walijifunza "a" kwake. Alikuwa na sauti ya kufika. Alfajiri alikuwa anafagia uwanja huku akiimba a, e, i, o, u kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na majirani waliamkia hapo hapo. Siku akiumwa walikuja kulalamika. "Mama Kabula, umelala, umetuchelewesha wote."

Kwa kuwa mama ni mtumishi wa serikali, mshahara wake hukatwa bima ya afya kila mwezi, kabla haujamfikia mkononi. Kadi yake ilinihudumia na mimi nilipokuwa mtoto. Hiyo kadi ndiyo iliyotupeleka kwa Bingwa.

Siku ya kwanza alinishika kidevu, akanigeuza kichwa, akachungulia, akamgeukia mama.

"Umetia nini humu?"

Mama akaona haya, mwalimu mzima. "Mafuta ya nyonyo, kidogo. Na maji ya kitunguu."

"Chumvi umesahau?"

"Jirani alinishauri, daktari."

"Sikio si kikaango, mayu. Huyo jirani mwambie akaange kwake."

Neno hilo, sikio si kikaango, nimelisikia akiwaambia wanawake wengi pale kwenye benchi, na wengi walikuwa wametia vitu hivyo hivyo. Aliwagombeza wote sawa, awe mke wa mkubwa au mama wa kijijini asiyejua Kiswahili vizuri. Kisukuma alijifunza maneno machache, kama hilo mayu la kumwita mama, na mengi aliyatumia vibaya. Jioni jua linazama yeye anakuambia "mwangaluka", salamu ya asubuhi. Akirekebishwa alisema, "Kwangu kumekucha sasa hivi, ndiyo kwanza nakunywa chai."

Halafu alikuwa na namna yake ya kupima. Alikuwa anasimama nyuma yako, anakuziba sikio moja, anasema neno kwa sauti ya chini, nawe unalirudia. Kwangu alitumia majina ya vyakula. "Ugali." "Michembe." "Maziwa mgando." Kwa sikio la kulia niliyarudia yote. Kwa la kushoto nilikaa kimya, nikamwona mama mbele yangu anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Watoto waoga husoma midomo," Bingwa akamwambia. "Ndiyo maana nasimama nyuma. Nyuma hakuna kudanganyana. Mwalimu, huyu hakuwa mkaidi darasani. Alikuwa hasikii."

Kabla yake, waganga wote waliongea na mama juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni kikapu alichokuja nacho. Yeye aliongea na mimi, hata akiwa nyuma yangu.

Alinipasua, akachukua utando mdogo juu ya sikio langu hilo hilo, akaziba tundu lililokuwa kwenye ngoma ya sikio. Bima ililipa. Mama hakuuza kitu, hakukopa kwa mtu. Pamba zilipotolewa na kidonda kukauka, asubuhi moja niliamka nimelalia sikio la kulia, lile zima, na nikamsikia mama anafagia na kuimba. Nilibaki pale pale nimelala, naogopa kujigeuza wimbo usije ukakatika.

Tuliporudi kliniki nilimwambia, "Nimemsikia mama akiimba."

"Anaimba vizuri?"

"Anapiga kelele."

Walicheka wote, na mama alicheka kuliko wao.

Dirishani kwake palikuwa na chupa ya kioo, ile ya kuwekea asali. Ndani yake aliweka vitu vyote alivyovitoa kwenye masikio na pua za watu wa huku: punje za mahindi, maharage, choroko, shanga, vifutio vya penseli, mende mmoja mkavu. Watoto waliogopa kisu chake lakini waliipenda chupa. Na humo, katikati ya maharage, palikuwa na dhahabu.

Iliingia hivi, na mimi nilikuwepo kwenye benchi. Kijana mchimbaji aliletwa, sikio limevimba kama andazi. Alikuwa ameokota kipande kizuri ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na kwa kuwa wakitoka husachiwa mpaka ndani ya viatu, akakisukumiza sikioni. Kikaenda kisirudi. Akavumilia mpaka maumivu yakamshinda, akasema. Kwa hiyo tajiri wa duara naye alikuja, amevaa kofia pana, akasimama mlangoni. Bingwa alikitoa kile kipande, kikalia kling kwenye bakuli la chuma.

"Daktari, hiyo ni mali yangu," tajiri akasema. "Imetoka kwenye duara langu."

"Mimi sijashuka kwenye duara lolote. Nimeitoa sikioni. Sikio ni la nani?"

"Langu, dokta," kijana akasema haraka, machozi bado yanamtoka.

"Basi, sikio ni lako, nenda nalo. Na wewe mzee duara ni lako, nenda nalo. Kinachotoka sikioni kinaingia kwenye chupa. Ndiyo sheria ya humu." Akakidondosha kwenye maharage.

Waliondoka wote wawili wameduwaa, na huko nje nasikia waligombana mpaka stendi. Watu wakasema Bingwa ameila ile dhahabu. Kila nilipokwenda niliiangalia. Ilikuwepo.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Daktari wa masikio, lakini gari lake bovu lilikuwa na ekzosi iliyotoboka, na akitoka kwake Nyahanga mji mzima ulijua Bingwa anakwenda kazini. Siku za mnada alikuja nalo Masumbwe kununua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo aliila mikavu kama karanga, na kabla ya kununua alipita kwenye mialo ambako mawe ya dhahabu husagwa, kugombana na wenye makarasha. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe. Likiwa linafanya kazi huwezi kumsikia mtu aliyekushika mkono. Vijana wanaolilisha mawe kutwa nzima masikio hayana kizibo.

"Wavalisheni hawa!" alikuwa anawapigia kelele. "Mnasaga mawe au mnasaga masikio?"

"Bingwa, hawa wakiziba masikio hawatasikia tukiwaita."

"Wasipoziba hawatawasikia mpaka siku ya kufa."

Walimcheka, wakampa soda, akainywa. Soda ya bure hakuikataa kamwe. Wiki nyingine anarudi na ugomvi ule ule.

Kitu alichokithamini kuliko vyote kilikuwa kioo chake cha koo. Kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, unaweza kudhani ni kijiko cha uji wa mtoto. Alikuwa anakipasha juu ya taa ndogo ya spiriti, anakigusisha mgongo wa mkono wake kuona kisije kikamuunguza mtu, halafu anakiingiza mdomoni mwako. "Sema aaa." Mama alikuwa akimtania, "Herufi hiyo mimi ndiye mwenyewe, Bingwa." Nilipopata ujasiri siku moja nikamuuliza kwa nini anakipasha. Hilo ndilo swali pekee nililowahi kumuuliza.

"Pumzi ya mtu ina joto," akasema. "Kioo kikiwa baridi kinashika ukungu, huoni kitu. Pumzi ni adui wa kioo."

Hospitali ilikuwa na kamera ya kisasa, mpira mwembamba mweusi wenye taa unaopita puani mpaka kooni. Aliitumia vizuri sana. Ila alikuwa akisema, "Kamera ni ya tajiri. Kioo ni changu." Tulidhani ni maringo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa, wale wafanyakazi wenye bima za kampuni walitawanyika, na hospitali ile ikabaki inaishi kwa kadi za serikali: walimu, askari, makarani na wazazi wao. Halafu bima ya serikali ikatoa bei mpya. Malipo ya kumwona daktari bingwa yakakatwa, yakasogea karibu na ya daktari wa kawaida. Makato ya mama hayakupungua. Redioni tukasikia kwamba mgonjwa hataona tofauti yoyote. Nilikuwa kwenye cherehani yangu nashona, nikaendelea kushona. Nilidhani ni habari za wakubwa wanaogawana kule juu.

Mwenye hospitali alipiga hesabu zake kama mwenye duka. Bidhaa isiyorudisha mtaji inatolewa kwenye rafu. Kwanza kliniki ya Bingwa ikawa siku moja kwa wiki. Halafu akaambiwa siku nyingine akae chumba cha wagonjwa wa kawaida, aone homa na matumbo. Muuguzi wake alituambia kwamba alikaa humo kama fundi saa aliyepewa jembe. Mwisho, pale mapokezi, wakasema kadi ya serikali haimfikii bingwa kabisa. Anayemtaka alipe taslimu.

Msimu huo huo sauti ya mama ikaanza kukwaruza.

"Ni chaki," akasema. Kituo cha afya wakampa dawa za kifua, halafu za minyoo, halafu za asidi ya tumbo. Wakamwambia apumzishe sauti. Mwalimu wa darasa la kwanza apumzishe sauti! Akawa anafundisha kwa kunong'ona, na watoto wakawa wananong'ona naye, wakidhani ndivyo "a" inavyosemwa. Kwa hiyo tukaenda Kahama.

Dada wa mapokezi aliigeuza kadi, akairudisha. "Mwalimu, hii inakubali daktari wa kawaida tu."

"Lakini nakatwa kila mwezi," mama akasema, na sauti ilitoka kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria.

Bingwa alikuwa anapita nyuma yetu ameshika kikombe cha chai. Akasimama. Nyuma yetu, kama kawaida yake.

"Sema tena," akasema.

"Nakatwa kila mwezi."

"Si maneno, mwalimu. Sauti. Imeanza lini hiyo?"

"Tulipokuwa tunapanda mahindi."

Shambani wakati huo watu walikuwa wanavuna. Bingwa akaweka kikombe mezani kwa dada wa mapokezi. "Njooni chumbani."

Meneja akatoka ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio unaonikasirisha mpaka leo.

"Bingwa, tulishakubaliana."

"Namwona bure."

"Wewe bure, sawa. Kamera nayo bure? Muuguzi bure? Umeme bure? Kesho waje walimu wote wa wilaya, bure?"

"Kesho ni kesho. Huyu ni leo."

"Kamera sitaweza kuifungua, ndugu yangu. Nisamehe."

Bingwa akachukua kikombe chake, akatuingiza chumba cha homa. Hakukuwa na taa yake ya kichwani wala ya spiriti. Akatoa kioo mfukoni, akakichovya kwenye ile chai ya moto kukipasha, akakifuta kwa koti. Mimi nilishika tochi ya simu. "Sema aaa." Mama akajaribu, akatapika. Akajaribu tena, kioo kikajaa ukungu. Chai ilikuwa imeanza kupoa. Mara ya mwisho Bingwa aliinama, akachungulia, akatoa kioo, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna kitu pembeni. Cheupe. Sijakiona vizuri, na sitaki kukudanganya. Unahitaji kamera, mwalimu, na si mwezi ujao."

Kamera ilikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja tu. Nimeufikiria ukuta ule mara nyingi kuliko ninavyofikiria mambo ya Mungu.

Akaandika rufaa ya Mwanza, akatusindikiza mpaka nje. Kule Mwanza wakasema kwa kadi hii rufaa ianzie hospitali ya wilaya, maana huyu aliyeandika hatambuliki kwenye kadi kama bingwa. Mtu aliyenipa sikio hatambuliki! Tukarudi kuanza mwanzo. Tulipita Kahama kumwambia. Kwenye mlango wake zile herufi nyeupe zilikuwa zimekwanguliwa, na chumbani walikuwa wamepanga katoni za maji ya kunywa.

"Ameondoka," yule muuguzi mnene akasema, safari hii bila utani. "Hakuaga mtu. Amechukua kioo na chupa yake."

Hospitali ya wilaya, foleni. Mwanza tena, foleni ndefu zaidi, kwa sababu mabingwa wa huku waliokuwa mahospitali ya watu binafsi walikuwa wamepungua, na wagonjwa wao wote walikuwa wamejaa pale. Siku kamera ilipomwingia mama, daktari wa kule, dada kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, aliuliza dalili zilianza lini. Mama akanong'ona, tulipopanda mahindi. Yule dada akaangalia chini.

"Mama, hii ni saratani. Ungepimwa mwanzoni, tungetibu kwa mionzi na sauti ingebaki. Sasa ili uishi lazima tuitoe."

Wakatoa. Mama anaishi, namshukuru Mungu na wale madaktari. Anapumua kwa tundu lililo shingoni, kwenye kimpira ninachokisafisha mimi. Shule wamempa kazi ya stoo ya vitabu. Darasa la kwanza wamempa kijana mwingine.

Huku mtaani watu wana maneno yao. Wanasema mabingwa waliishibia bima, wengine waliandika wagonjwa hewa, ndiyo maana serikali ikakaza. Inawezekana. Wezi wapo kila mahali, hata kwenye duara. Lakini mwizi akiingia kwenye duara humkamati kwa kulifukia pamoja na wachimbaji wote waliomo. Wanasema pia kwamba Bingwa alikimbia kwa tamaa. Nilipokuwa na hasira sana nami nilisema hivyo hivyo. Nilimkasirikia yeye, meneja, redio, na yule mtu nisiyemjua aliyekaa mezani, akashika kalamu, akakata. Huyo wa mwisho ninamkasirikia mpaka sasa, na sijui hata uso wake. Labda ana mama. Labda mama yake anaimba.

Mwaka huu niliitwa mwaloni kupeleka ovaroli nilizoshona kwa vijana wa karasha moja jipya. Mashine ilikuwa inanguruma, vumbi limetanda. Nikashangaa kuona vijana wote wamevaa vile vizibo vikubwa vya masikio. Niliinama kufungua mzigo, mtu akasimama nyuma yangu, akanigusa chini ya kovu la sikio.

"Hilo sikio ni kazi yangu!" akapiga kelele.

Nikageuka. Kile kichwa kitupu kilikuwa cheupe kwa vumbi la mawe. Alivaa kandambili. Alikuwa tajiri wa karasha.

Nikamwamkia. Midomo yake ikasema marahaba. Kisha akainama: "Mwalimu hajambo?"

Nikajibu kama nilivyozoea, kwa sauti ndogo. Akaweka kiganja sikioni. "Sema kwa nguvu! Sikusikii!"

"Walimtoa koo! Hana sauti!"

Bingwa alikuwa ameinua mkono, kijana akazima mashine, lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Kelele zangu zikabaki peke yake mwaloni, watu wote wananitazama.

"Ulikuwa wapi? Ulituacha! Ulikuwa wapi?"

Hakukasirika. Alichomoa kofia ya vumbi aliyokuwa ameibana kwapani, akaikung'uta, akaivaa, akaivua tena.

"Hapa," akasema. "Nasaga mawe."

"Kwa nini hukurudi?"

"Nirudi wapi, Kabula? Nionyeshe chumba, nirudi leo. Nilizunguka hospitali za mikoa yote ya huku. Kote wananiambia, bingwa, tunakuhitaji, ila hatuna namna ya kukulipa. Niende Mwanza nikasubiri ajira na kijana niliyemfundisha? Mawe hayaniulizi kama mimi ni bingwa. Yanasagwa, yanalipa."

"Si wewe uliyekuwa unawauliza, mnasaga mawe au mnasaga masikio?"

"Najua nilichosema." Akaangalia vijana wake waliovaa vizibo. "Angalau hawa nimewavalisha."

Kwenye kibanda chake cha mabati niliona ile chupa juu ya boriti. Maharage, shanga, mende. Na ile dhahabu, bado imo, mtu anayesaga mawe ya wenzake kutwa nzima hakuigusa.

Alisema anataka kumwona mama. Tukaenda na lile gari, ekzosi bado imetoboka. Mama alikuwa barazani anabangua karanga. Alipomwona alisimama, akajifuta mikono, akampa kiti.

"Mwangaluka, mwalimu," Bingwa akasema. Ilikuwa jioni. Mama akatabasamu.

Alinawa mikono kwa muda mrefu, nikimmwagia maji kwa kata. Akaangalia kimpira cha shingoni, akauliza nani anasafisha, nikasema mimi, akasema kinasafishwa vizuri. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni. Sidhani kama aliutuma. Akatoa kile kioo, akakipasha juu ya jiko la mkaa lililokuwa na sufuria ya maji pembeni, akakigusisha mgongo wa mkono wake, akakipeleka mdomoni mwa mama.

"Sema aaa."

Mama alifungua mdomo wote, kama mtoto wa darasa la kwanza anayetaka kumfurahisha mwalimu. Akasema. Shingo ikakaza, kifua kikainuka, na hewa ikatoka pale chini kwenye kimpira, fyuu, kama mtu anayepuliza moto.

Bingwa akakitoa kioo, akakiangalia. Hakikuwa na ukungu hata kidogo. Alikuwa amekipasha bure. Hakuna pumzi inayopita tena mdomoni mwa mama. Alikaa amekishika vile, mpaka mama akamchukulia kutoka mkononi, akakifuta kwa kitenge chake, akakirudisha kwenye mfuko wa shati la Bingwa, akamgongagonga pale mfukoni kama anavyomfanyia mtoto aliyekosea hesabu.

Kisha akamfungashia michembe. Bingwa akaipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma, na hiyo alitamka vizuri. Tukasikia gari lake mpaka mwaloni.

Masikio yangu yote mawili ni mazima. Alfajiri naamka nimelalia lile la kulia, na kwa lile la kushoto nasikia ufagio wa mama uwanjani. Halafu, pale wimbo ulipokuwa unaanzia, linaanza karasha la Bingwa.